Kioo cha Saba

Mililita thelathini, mirija mitatu,
vifuniko vya zambarau, jina kwa wino unaokataa kukauka:
Bonaria Mereu, wiki ya kumi na mbili, kutoka Samugheo.
Amepanda basi la alfajiri kuja Cagliari
kwa kuwa sindano ndefu ya tumboni anaiogopa,
nami nimemwambia: mkono tu, dada. Mkono unatosha.

Damu ni nzito kuliko maji, husema watu.
Mimi ndiye niipimaye.
Naizungusha mpaka ijitenge yenyewe:
juu majimaji ya manjano, chini wekundu uliotulia,
na katikati ukanda mweupe, mwembamba
kama utando juu ya maziwa yaliyosahauliwa jikoni.
Kama yumo, yumo humo.

Natia kingamwili, namimina kando ya sumaku.
Seli za mama zipite, za mtoto zinaswe:
ndivyo kisemavyo kitabu. Kitabu hakijawahi kukesha.
Katika mamilioni kwa mamilioni
huenda nikapata tatu za kijusi, au moja,
au macho mekundu na shingo iliyokakamaa.

Mama yangu alichambua dengu kwenye meza ya buluu,
akisaka kijiwe kitakachomvunja baba jino.
Mimi nimeipindua kazi yake:
namwaga chungu nzima, nabaki na kijiwe.

Bonaria ni mbebaji. Mumewe, Barore, mbebaji.
Talasemia tuliirithi pamoja na mashamba,
tangu enzi za mbu na madimbwi.
Mmoja kati ya wanne: hesabu isiyo na chuki wala huruma.
Na ndani ya faili, mwandiko wa daktari mwingine,
mwaka elfu mbili na kumi na moja:
Mimba, moja. Watoto hai, sifuri.

Saa nane usiku, kioo cha saba,
nikamwona.
Kiini cha duara, kimejitenga,
nukta ya kijani, nukta nyekundu,
eksi na wai. Mvulana!
Nikapiga kigelegele; likaitika friji.

Kisha nikakumbuka. Kipimo cha majimaji, wiki jana,
kilikwisha sema: msichana.

Basi wewe ni nani?

Miaka kumi na mitatu umekaa humu,
umepita ini, umepita mapafu,
umefika hadi ncha za vidole vyake akikanda mkate,
na moyoni umeingia na kutoka
mara zisizo na idadi, bila kubisha hodi.
Huna kaburi Samugheo. Huna jina kwenye daftari la padri.
Ila makao unayo.

Dokta Frongia alikuja saa mbili asubuhi, kahawa mkononi,
akainama kwenye hadubini, akainuka.
"Mabaki," akasema. "Hafai. Endelea."
Hakukosea. Nikaendelea.

Kioo cha kumi na moja: kijani na kijani.
Nikamnyonya kwa mrija mwembamba kuliko unywele,
nikamsoma herufi kwa herufi, mchana kutwa,
kama mtu asomaye barua ya deni:
ya mama ina kasoro, ya baba nzima.
Mbebaji tu.
Labda atahema kidogo akipanda ngazi za shule.
Nililia, halafu nikaosha meza.

Kwenye ripoti, ukurasa wa pili, chini ya Mengineyo,
niliandika: Seli moja ya kiume. Si ya mimba hii.
Frongia akaikata kwa penseli,
mstari mmoja, mwepesi mno,
neno kwa neno lasomeka.

Bonaria alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama,
akanishika mikono miwili na glavu zake za mvua,
akaikunja karatasi mara nne, akaitia kifuani.
Wa pili hakuugusa.

Basi la Samugheo huchukua saa mbili.